Mzee Namegabe Anastaafu, Gari Likikubali

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga besi na kutengeneza muziki wa watu wa kila aina, wakiwemo waliokuja na sauti na waliokuja bila, Mzee Namegabe anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, hapa Studio Ukuta Mmoja, mtaani Buyenzi. Neno "rasmi" tumeliweka makusudi. Mwaka juzi alistaafu pia, lakini ikawa kazi bure, kama mtakavyosoma.

Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa kwanza Régis, mwenye diploma. Aliandika kurasa nne na Mzee alikuwa bado hajazaliwa. Basi nikaichukua mimi, Divin wa kinanda, niliyeaga shule mapema ili nisiwaaibishe walimu. Mtaona tofauti.

Namegabe alivuka mpaka kutoka Bukavu mwaka 1991 na gitaa lake la besi na shati moja, amshikie nafasi mpiga besi wa bendi ya rumba ya Ngagara aliyesema anaenda kumwona dada yake wiki mbili. Huyo mpiga besi hajarudi mpaka leo. Kama yuko hapa leo, akae nyuma, chakula kipo.

Kutoka rumba Mzee akaingia kwenye kwaya, kutoka kwaya akaingia kwenye harusi za Waislamu, kisha rege, kisha rap. Watu huuliza aliwezaje. Jibu ni viatu. Mzee anaamini muziki unaanzia chini. Rumba ina viatu vyake vyenye ncha kali. Kwaya ina vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi mpaka unaona meno yako. Harusi za Waislamu wa Buyenzi, makubazi, kwa heshima. Rege, sandali za tairi. Rap, raba alizomnyang'anya mpwa wake, kamba zikiwa wazi.

Siku moja alitoka kurekodi vijana wa rap, akaingia moja kwa moja kwa kwaya ya akina mama bila kubadili. Kufika ubeti wa tatu akina mama wakaanza kuruka. Kiongozi wao, Mama Adélaïde, mwenye umri wa heshima na goti bovu, aliruka mpaka kofia ikamdondoka. Walipomaliza akasema huku anahema: "Hiyo ya tatu tusifute, Mzee. Lakini pasteri asione hivyo viatu." Wimbo huo bado unaimbwa, na mabenchi ya kanisa lao yamekazwa upya.

Kwenye kuchanganya sauti alikuwa na kipimo chake ambacho hakifundishwi popote. Akimaliza wimbo, anafungua dirisha la upande wa garaji ya jirani na kuangalia miguu inayochungulia chini ya magari. Miguu ya mafundi ikitikisika, wimbo umeiva. Ikitulia, tunarudia. Irène, mwimbaji wetu, alirudia kiitikio kimoja mchana kutwa mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu jozi moja ya miguu ilikataa katakata. Ilikuwa miguu ya Twalibu, mwenye garaji. Twalibu alikuwa amelala. Irène hajamsamehe, ingawa kile kiitikio ndicho kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutoa.

Sasa tufike kwenye magari. Studio na garaji ya Twalibu zinatumia ukuta mmoja, na jina letu lilitoka hapo. Mafuta yalipoadimika mjini, hakuna aliyeweza tena kuzungusha gari mitaani kusikiliza linalia wapi. Siku moja kigari cha mteja kilikuwa kimeegeshwa ukutani, injini imezimwa. Mzee akapiga ule uzi wake mnene wa chini, na mlango wa nyuma wa gari ukajibu wenyewe: kacha-kacha. Twalibu akatega sikio, akafungua, akakuta nati imelegea. Tangu hapo magari yanasukumwa mpaka ukutani, mengine kutoka mtaa wa mbali wa Rohero, yanapigiwa besi, na kilicholegea kinajitaja. Mimi sijasikia mpiga besi mwingine aliyewahi kutumbuizia radieta, na mimi husikia mengi.

Shida ni kwamba Mzee aliyachukulia magari kama wasanii wake. Akaapa mbele ya watu: "Mi siwezi kuenda nikiacha gari inalia." Twalibu alikisikia kiapo hicho, akakiweka akiba.

Mwaka juzi, wiki ya harusi ya binti yake mkubwa Christa, Mzee aliamua kustaafu. Sababu ilikuwa moja tu: mke wake, Mama Pascaline. Kwa miaka yote ya ndoa yao hawajacheza pamoja hata wimbo mmoja, maana kila penye muziki Mzee ndiye anayeupiga. Alitaka kwenye harusi ya binti yake awe baba, asiwe bendi.

Tukapanga mishikaki na Fanta. Hotuba zikasomwa. Teksi ya kumpeleka nyumbani Ngagara ikasogezwa ukutani, Mzee akapiga noti yake ya mwisho, na teksi ikalia. Ikalia mlangoni, ikalia kitini, ikalia mpaka kwenye buti. Mzee akaweka mshikaki chini, akavua koti.

"Vieux, mzee wangu, gari iko mugonjwa," akasema Twalibu, kwa huzuni iliyopita kiasi. "Sasa utaenda wapi?"

Kuikaza kulichukua wiki nzima. Nati zilikuwa zimelegea kwa usawa wa kushangaza, kana kwamba zilifanya mkutano. Hatumshuku mtu. Tunamtaja tu: Twalibu.

Na mtu ambaye hajastaafu anapiga. Kwenye harusi ya Christa Mzee alikuwa jukwaani na besi yake. Mshereheshaji alipoita baba na mama wa bibi harusi wafungue dansi, Mama Pascaline alichukua koti la mume wake kutoka kwenye kiti, akajiwekea mkono mmoja wa koti begani, akacheza nalo wimbo mzima. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, mpaka nikamwona Twalibu kwenye meza ya waalikwa, hacheki. Mama alipopita mbele ya jukwaa akamwambia mume wake, besi ikiendelea: "Koti yako inajua kucheza kukupita, Baba Christa. Lakini haisemaki kitu."

Kesho, Jumamosi, anaolewa Lisette, kitinda mimba. Baada yake hakuna binti mwingine. Mama Pascaline ametangaza kwamba koti limepelekwa kwa dobi na halitarudi kabla ya Jumatatu.

Nafasi inayofuata niliiacha wazi kwenye karatasi mpaka jana, kwa kuwa kustaafu kabla ya kupima gari ni kujidanganya. Teksi ilisukumwa ukutani mchana, na nusu ya Buyenzi ikaja kusikiliza. Mzee alisimama studioni miguu mitupu, maana hakujua huu ni muziki wa aina gani. Akapiga uzi wa chini. Kimya. Akapiga kwa nguvu mpaka vikombe vya muuza kahawa vikahama meza. Gari, kimya. Hata kioo cha pembeni, ambacho kwenye teksi zote za mji huu hutetemeka tangu kiwandani, kimya. Mzee akadhani mkono wake umekufa, akatoka nje kuhakikisha.

Ndipo tukaona vidole vya Twalibu, malengelenge matupu. Tangu Jumatatu alikuwa anaikaza teksi nzima, nati kwa nati, mpaka za redio. Hakuna aliyemwuliza, lakini alijitetea.

"Mi sikutaka aende," akasema. "Lakini ile koti, jamani. Ile koti niliiona."

Mzee alimshika mikono, akaitazama kama anavyotazama miguu chini ya magari, kisha akasema neno lake la kumaliza kazi: "Imeiva."

Basi nenda, Mzee wetu. Asante kwa nyimbo, kwa mabenchi yaliyokazwa, na kwa kunifundisha kwamba sikio linaanzia miguuni. Juzi uliniuliza mtu asiyepiga anavaa viatu gani. Jibu analo Mama Pascaline. Ni vya kahawia, viko kwenye mfuko chini ya meza ya keki, na usijifanye hukuviona. Tunakuombea magoti imara, usingizi mzito, na nyumba isiyolia kacha-kacha popote.

Kesho besi nitashika mimi. Usiogope, nimefanya mazoezi mpaka nimeshatikisa kioo, ingawa kilikuwa cha dirisha letu. Ukisikia noti imepotea nyuma yako, usigeuke. Cheza na mama.