Mama Stoo na Mraba wa Mipigo Mitatu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Stoo atakabidhi rasmi stoo ya vipuri aliyoitunza kiwandani kwetu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa programu ya sherehe. Mnisamehe nikizidisha utamu. Niliolewa wiki sita zilizopita, na kila kitu nakiona kinang'aa, hata makatoni.

Alianza kama mkata nyuzi, binti mwembamba (yeye ndiye anayesema mwembamba). Baada ya miaka mitatu akahamishiwa stoo, na tangu hapo hakuna sindano, bobini wala mkanda wa cherehani uliotoka bila yeye kujua. Penseli yake huichomeka kilembani, kisha huitafuta stoo nzima.

Miaka tisa iliyopita vililetwa vyerehani vipya kutoka China, na vipuri vyake ndani ya makatoni yenye maandishi ya Kichina kitupu. Laini ya pili ya ushonaji ilisimama siku tatu kwa kukosa mkanda, kumbe mkanda wenyewe ulikuwa kwenye rafu iliyo juu ya kichwa cha Mama Stoo. Ilimuuma sana. Meneja akasema ataleta mtu mwingine anayeweza kuyasoma. Mama Stoo akaomba miezi mitatu, akanunua kamusi.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Katika kamusi ile, neno hutafutwa kwa kuhesabu mipigo, yaani kila safari ya kalamu kabla haijainuliwa. Mama Stoo aliona alama ya mraba kwenye katoni, akahesabu pande nne, akafungua kurasa za mipigo minne. Hakuna kitu. Mwezi mzima alihesabu kwa makini na hakupata neno hata moja. Akaamini ameuziwa kamusi mbovu, akaenda kugombana na muuza vitabu.

Fundi mgeni kutoka China aliyekuja kufunga mashine alipoliona daftari lake alicheka hadi akakaa chini. Kisha akauandika mraba polepole. Mpigo wa kwanza ulishuka kushoto. Wa pili ulikwenda kulia, ukakata kona na kushuka bila kalamu kuinuliwa. Wa tatu ukafunga chini. Mitatu! Mama Stoo alimnyang'anya kalamu. Kwa wiki mbili alimwandama kila mahali, akitaka kujua kwa nini mstari huu unatangulia na kwa nini ule unangoja. Kabla miezi mitatu haijaisha, kila rafu ilikuwa na kibao cha lugha mbili, na muuza vitabu alikuwa ameombwa radhi.

Ndipo likaanza darasa la saa ya chakula: ubao, chaki, na wanafunzi sita wenye grisi vidoleni. Mimi nilivutwa na udadisi, nikabakishwa na fundi mashine aliyekaa mbele yangu akiandika "sindano" kwa mipigo saba, ulimi nje kama mtoto. Leo ni mume wangu. (Nimelitaja neno hilo mara moja tu, mnihesabie.)

Mwaka huu, hata hivyo, Mama Stoo hakuwa na raha. Aliapa kwamba hasaini makabidhiano mpaka apatikane mtu wa kumwachia rafu zile, mtu anayeandika, siyo anayechora. Nikateuliwa mimi. Jumatatu iliyopita akanipa neno la kwenye makatoni yanayorudishwa kiwandani yalikotoka: "kurudi", mraba mdogo ndani ya mkubwa. Nikaumaliza ule mkubwa, nikaanza mdogo.

"Mwanangu, umeshafunga mlango," akasema. "Huyu wa ndani apitie dirishani?"

Darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mume wangu. (Tuliongea vizuri nyumbani.) Nikafuta. Kuta na dari kwanza, kisha mraba mdogo wote, na mwisho kabisa mstari wa chini. Mama Stoo akahesabu kwa kidole: sita. Akachomoa penseli kilembani, akairudisha, akaomba kalamu ya wino, akasaini.

Kisha akaenda ubaoni, akaliandika neno lile kwa maandishi makubwa, akaishia mpigo wa tano.

"Huu wa sita nitakuja kuuweka mwenyewe. Ole wake atakayefuta."

Mama, asante kwa rafu zinazosomeka, kwa subira yako, na kwa mume (haya, hesabuni tena). Tunakuombea afya, mapumziko matamu na siku nyingi za furaha. Ubao hatujaufuta, na chaki iko palepale ulipoiacha.