Bafle Alizozichagua Papa Cirhuza Bulonza

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda hadi hapa Kadutu kutusaidia kulia, mimi Adèle, kifungua mimba wake, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Papa Cirhuza Bulonza, aliyebatizwa Apollinaire, jina ambalo serikali, ilipopiga marufuku majina ya Kizungu, ilimkataza kuliandika lakini maman yetu hakuacha kumwita kwalo.

Alizaliwa Nyangezi tarehe 14 Machi 1934, akasoma huko huko kwa mapadri, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na tarehe 5 Agosti 1961 akamwoa Maman Colombe, mwimbaji wa kwaya, wakajaliwa watoto watatu.

Maman alifariki tarehe 9 Mei 1972, akatuachia bande moja, utepe wa sauti ambamo padri alimrekodi akiimba peke yake siku ya Pasaka, na kwa kuwa mashine yetu ya nyumbani ilimfanya asikike kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe, Papa akawa anatupeleka kila Jumamosi kwenye magazini, duka la Mgriki mmoja mjini, aliyeuza bafle, spika za muziki za bei kubwa, na kumwacha mtu asikilize kabla ya kuamua. Bande ile ile ilipigwa kwenye bafle hizi, kisha kwenye zile: kubwa zilitetemesha vioo na watu wakazisifu, ndogo za mbao nyeusi zilitufanya tumsikie maman akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Papa akatuambia, "Ile kubwa inaimba muzuri, lakini hii, iko maman yenu."

Alizilipia zile ndogo, lakini kabla hazijafika nyumbani, mwishoni mwa 1973, biashara za wageni zilitwaliwa na serikali na kugawiwa wenyeji, na magazini ile akapewa mdogo wake wa tumbo moja, Tonton Venant. Tulishangilia, Mungu atusamehe. Papa alipokwenda kuzichukua alijibiwa, "Bafle iko ya magazini, na magazini iko yangu," akaomba basi aruhusiwe kuja na bande yake Jumapili tu, akanyimwa hata hilo, na bafle zikapelekwa kwenye baa ya Tonton, zikapigwa kwa nguvu mpaka zikapasuka.

Papa hakuisikiliza tena bande ile, hakuoa tena, wala hakumtukana ndugu yake, alinyamaza tu, na kimya kile tulikula nacho mezani miaka yote. Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 1978, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Juni 1981.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliombeba kwenye njia hizi za mteremko, na majirani waliotupikia. Tonton Venant, shada lako la maua ndilo kubwa kuliko yote, tumelipokea, tumeliweka pamoja na mengine.

Papa, pumzika, Bwana akupe amani uliyonyimwa na wa kwenu.