Bi. Eufrasia Bukuru, Aliyetuzoesha Kusema Tumekwama

Kosa ambalo wengi wetu hufanya tukiulizwa kazi inaendaje ni kujibu kana kwamba tumesalimiwa. "Nzuri," tunasema, hata kama tangu juzi hatujasogea. Bi. Eufrasia Bukuru, anayestaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kulitumikia shirika letu la kuhudumia wakimbizi kwa miaka ishirini na sita, alilitambua kosa hilo kabla yetu sote. Habari ya utumishi wake, kwa sehemu kubwa, ni habari ya namna alivyolitibu.

Alianza mwaka 1996 akiwa mpiga chapa, wakati boti zikishusha wakimbizi kutoka Kongo kila kukicha. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Bangwe, hapa Kigoma, karibu na maji ya ziwa kiasi kwamba karatasi zilinuka dagaa. Waliokuwa naye siku hizo wanamkumbuka akipiga chapa huku amembeba mgongoni mtoto wa mgeni ili mama yake apate kujieleza kwa utulivu. Kompyuta zilipoletwa alijifunza, akawa mwingiza taarifa, kisha msimamizi wa taarifa, na hatimaye mratibu wa timu yetu ya programu.

Kwa wageni wa sherehe hii wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Programu ya kompyuta haitengenezwi kama nyumba, kwamba ukimaliza unakabidhi ufunguo na kuondoka. Sisi hutengeneza kipande kidogo kwa wiki mbili, tunawapa watakaokitumia, wanatuambia kimewashinda wapi, tunarekebisha, tunaendelea na kipande kingine. Kila asubuhi tunasimama kwa dakika chache mbele ya ubao wenye kadi. Kila kadi ni kazi moja, nayo huhama kutoka safu ya "Bado" kwenda "Inafanyika", hadi "Imekwisha". Mkufunzi aliyetufundisha utaratibu huo alituletea ubao wa ndani ya kompyuta. Bi. Eufrasia alimshukuru, kisha akapigilia wa mbao ukutani. Alisema umeme wa Kigoma ukikatika, ubao wa mbao hauzimiki.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuingia kwa maelfu. Tulipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuwatafutia ndugu watoto waliopoteana na wazazi wao njiani. Mtoto ambaye hakuonekana kuwa na ndugu alipangiwa basi la kwenda kwa walezi katika kambi moja, na huenda mama yake akawa ameshapangiwa kambi nyingine. Programu ilikuwa ianze kutumika Jumatatu, na wakubwa kutoka Dar es Salaam walikuwa waje kuishuhudia.

Wiki hiyo Yassir, kijana wa Ujiji, ndiye aliyekuwa akiandika sehemu ya kulinganisha majina. Kila asubuhi alijibu, "Nzuri, mama, inaendelea." Heritier wa Katonga, mwandishi mwenzake wa programu, akadakia, "Hiyo kadi yake imeota mizizi hapo katikati, tuimwagilie maji." Tukacheka, kikao kikaisha.

Alhamisi umeme ulikatika. Bi. Eufrasia akaagiza chai na maandazi, tukakaa barazani pamoja na Calixte, mkimbizi kutoka Burundi aliyejitolea kuijaribu programu kwa niaba ya wenzake. Bila haraka ya kikao, salamu zilikwenda urefu wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yassir. Mama yako pale Gungu?"

"Mzima."

"Mguu wake?"

"Unapona, anatembea mpaka sokoni."

"Tumshukuru Mungu. Na kazi?"

"Nzuri." Yassir akaikoroga tena chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Ila, mama, Warundi programu haiwaoni."

Ikabainika kwamba alikuwa ameifundisha programu kumtambua mtoto kwa jina la baba linalofuata lake, kama ilivyo kwetu. Calixte akaangua kicheko. "Ndugu yangu, kwetu baba ana jina lake, mimi langu, na mdogo wangu lake. Ukitafuta hivyo, hata mimi sina baba!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini? Kila asubuhi nakusikia unasema nzuri."

Bi. Eufrasia hakumgombeza Yassir. Alimpigia simu mkuu wa ofisi na kumwambia kwamba programu waliyoahidiwa wakubwa haitakuwepo Jumatatu. Alijibiwa kwa ukali, nasi tuliisikia sauti ikitoka kwenye simu. Alipokata alisema afadhali aaibike yeye kuliko mtoto kupandishwa basi lisilo lake. Kisha akaziondoa ubaoni kadi zote za michoro na mapambo, akabakiza moja: kumtafuta ndugu kwa jina la mama na kilima wanakotoka, kwa kuwa Mrundi ukimuuliza kwao, atakutajia kilima chake. Calixte akaketi katikati ya Yassir na Heritier, na kila kipande kilipokamilika alikijaribu hapo hapo.

Jumatatu wageni walionyeshwa programu isiyo na rangi wala urembo, na hawakuficha kwamba hawakufurahi. Lakini siku hiyo hiyo mtoto aitwaye Irambona, aliyekwisha kupanda basi, aliteremshwa baada ya programu kumpata mama yake kwa jina na kilima. Mama huyo, Fébronie, alikuwa kwenye foleni ya basi jingine, ng'ambo ya pili ya uwanja wa kupokelea wakimbizi.

Baada ya hapo Bi. Eufrasia alitueleza jambo ambalo hakuna mkufunzi aliyetufundisha. Salamu zetu ni ndefu, iwe "mwidiwe" ya Waha au "amahoro" ya Warundi, na neno zito hukaa mwishoni, baada ya "ila". Kikao chetu kilikuwa kikifungwa kabla "ila" haijafika. Akaamuru chai na salamu zitangulie, ndipo tusimame ubaoni. Akaongeza safu ya nne, "Imekwama", akaiweka mbele ya nyingine zote, na kwa kuwa mdogo huona haya kusema ameshindwa mbele ya mkubwa, kadi ya kwanza kila asubuhi ilikuwa yake. Baadhi ya kadi zake zilichekesha: "Printa mpya imenishinda." Nyingine hazikuchekesha: "Nimeahidi nisichokiweza, nisaidieni." Sasa Yassir ndiye atakayeiongoza timu, na anasema uongozi aliufundishwa na kadi zile.

Bi. Eufrasia, tunakushukuru. Michikichi yako ya Bangwe ikupe mawese ya kutosha, wajukuu wakupe usumbufu wa kiasi, na afya isikupungukie. Uishi vyema, mama yetu, na ukipita karibu, chai ipo.

Jambo moja kwa tunaobaki. Tangu alipoanza likizo yake ya mwisho, safu ya "Imekwama" haina kadi hata moja, nasi tunajua si kwa sababu kazi zote zinakwenda. Kwa hiyo leo, kabla hujawasha kompyuta, andika kadi moja ya kilichokukwamisha, uende ukaibandike.