Alnashir Velji, Aliyepima Bunduki kwa Bega la Mtoto

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2003, Bwana Alnashir Velji anastaafu baada ya kufanya kazi miaka thelathini na minne na karibu miezi mitano katika karakana ya Duka la Bunduki la Pelling, hapa Walthamstow. Aliajiriwa Jumatatu ya tarehe 4 Novemba 1968. Tangu siku hiyo amekosa kazini mara chache mno, na nyingi kati ya hizo zilikuwa majira ya baridi yaliyopita, alipokuwa akimuuguza marehemu mkewe, Bi Nurbanu. Mwenyewe ameomba wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili, lugha aliyoacha kuisikia nyumbani tangu mkewe alipofariki.

Bwana Alnashir alizaliwa Unguja mwaka 1945. Useremala alifundishwa na baba yake, fundi wa makabati na masanduku. Januari 1964 alikuwa na miaka kumi na minane, na siku zile alizipitisha chumba cha nyuma pamoja na mama yake na dada zake, wakisikiliza milio ya risasi na kujaribu kukisia inatoka mtaa gani. Mwaka huohuo familia ilihamia Dar es Salaam, na miaka minne baadaye yeye akaja London. Hakuja kutafuta bunduki. Alikuwa akitafuta mbao. Mzee Pelling, baba yake Margaret tunayemfahamu sote kama mwenye duka, alihitaji mtu wa kuchonga vitako vya bunduki, akamwajiri baada ya kumwona akipiga randa kwa dakika tano.

Siku ya pili ya kazi nusura iwe ya mwisho. Ilikuwa tarehe tano Novemba, na hakuna aliyemwambia kwamba Waingereza jioni hiyo hurusha fataki. Fataki ya kwanza ilipolia uchochoroni, Bwana Alnashir aliingia chini ya meza ya kazi na patasi mkononi. Mzee Pelling akainama, akamwuliza kama kuna kitu amedondosha. "Ndiyo," akajibu, "moyo." Kisa hiki kimesimuliwa kila Krismasi, na yeye hucheka kuliko sote. Lakini kila tarehe tano Novemba huomba ruhusa ya kutoka mapema, na hakuna anayemwuliza kwa nini.

Mtu huyu aliyeshtuka kwa kila mlio ndiye aliyekuja kuwa fundi mashuhuri wa kuchagulia vijana bunduki za kuwindia. Wateja walimjia kutoka Kent, Suffolk, hata Wales. Alijua hofu ya teke la bunduki, pale kitako kinaporudi kwa nguvu begani, kwa sababu alikuwa nayo. Aliwaeleza wazazi kwamba mtoto anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta triga. Risasi inakwenda tumboni badala ya moyoni, na mnyama anakimbia na maumivu yake. Aliwaonya pia dhidi ya kosa la wengi, la kudhani mtoto anafaa kupewa bunduki nyepesi. Nyepesi yenye risasi kubwa hupiga teke kuliko nzito. Kwake mtoto alianza na bunduki ndogo kabisa, akalenga karatasi miezi kadhaa. Akiiva, ndipo apewe ya risasi ya milimita sita, yenye uzito wa kutosha, mpira mnene nyuma ya kitako, na kitako chenyewe kimekatwa kwa kipimo cha mkono wake. Mzazi akisema mtoto atakua, alijibu, "Bunduki si sweta, Bwana, kwamba utanunua kubwa akulie humo."

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia karibu na hapo, na pongezi zikafuata. Nilimpa aisome. Aliirudisha kesho yake akasema, "Titus, mtu huyu uliyemwandika simjui. Mwandike na Parminder." Nilimwambia kwamba sherehe si mahali pake. Akasema basi na jina lake mwenyewe lisiwepo kwenye sherehe. Kwa hiyo ninaandika.

Mwaka 1981 Bwana Alnashir alikuwa ameanza kuhudumia wateja dukani, nje ya karakana. Alikuja Bwana Avtar, mkandarasi wa majengo aliyekulia Nakuru, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa, aliyewinda huko Kenya tangu ujana wake. Walizoeana. Avtar alipita karibu kila Jumamosi, wakanywa chai, wakazungumza Kiswahili, mmoja cha Nakuru na mwingine cha Unguja, wakichekana matamshi. Bwana Alnashir ananiambia kwamba katika mji huu hakuwa amepata rafiki kama yule.

Jumamosi moja Avtar alikuja na bintiye Parminder, mwenye miaka kumi na mitano. Alitaka kumpeleka Uskoti kuwinda kulungu, na alikwishachagua bunduki ukutani: nyepesi, ya risasi nzito, yenye darubini. Parminder alipoiinua, kitako kilikuwa kirefu kwake. Ilimbidi anyooshe shingo mbele, jicho likakaribia kabisa darubini.

"Kaka Avtar, hii itampiga," Bwana Alnashir alisema kwa sauti ya chini.

Avtar akacheka. "Itampiga? Mimi kwa umri wake nilipiga nyati! Usimtie binti yangu woga wa mjini."

Bwana Alnashir alimtazama msichana. Msichana alitazama sakafu. Avtar alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili, ni mgeni wake wa kila wiki, na maneno yale aliyasema mbele ya watu. Bwana Alnashir aliona haya kumpinga mara ya pili. Akaifungasha bunduki, akawauzia.

Mwezi uliofuata, kwenye mteremko mmoja wa Uskoti, Parminder alivuta triga mara moja tu. Bunduki ilirudi nyuma, ukingo wa darubini ukamchana nyusi na kuliumiza jicho la kulia. Kulungu alijeruhiwa akakimbia, na watu walimpata siku ya pili, bado hai. Jicho la Parminder halikuona tena.

Bwana Alnashir alikwenda kumwona hospitali aliporudishwa London. Alimkuta peke yake, kichwa kimefungwa bendeji. Parminder, kama watoto wengi waliokulia hapa, alisikia Kiswahili ila alizoea kujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili.

"Anko, ulijua?"

"Nilijua, binti yangu."

"Mbona ulisema mara moja tu?"

Aliweka machungwa mezani akatoka. Ananiambia kwamba alipanda basi lisilo lake, akafika mwisho wa njia ndipo akagundua.

Avtar hakukanyaga tena dukani. Kadi alizoandikiwa kila mwaka hazikujibiwa. Bwana Alnashir alimwendea Mzee Pelling, akamwambia kwamba ataacha kazi isipokuwa jambo moja likubaliwe: bunduki yoyote ya kijana isitoke dukani kabla yeye hajampima kijana huyo na kumwona akipiga shabaha, na neno lake likiwa hapana, iwe hapana. Mzee Pelling alikubali. Utaratibu huo ndio ulioipa karakana yetu jina, na ndio uliomletea sifa magazetini. Kila alipopewa mkono wa pongezi, nilimwona akiangalia pembeni. Sasa mnajua sababu.

Avtar alifariki mwaka 1996. Bwana Alnashir alikwenda Southall mazikoni, akakaa nyuma kabisa, amefunika kichwa kwa kitambaa. Parminder, ambaye siku hizi ni mwalimu, alimtambua, akaja akampa mkono.

"Anko, sikukasirikii tena," alimwambia. "Lakini baba alikufa akijilaumu peke yake. Ungekuja nyumbani, mngejilaumu wawili."

Amenikariria maneno hayo mara mbili katika miaka tuliyofanya kazi pamoja, na mara zote mbili aliacha kazi kwa siku hiyo.

Nami nina langu la kuongeza, kwa kuwa nimesimama upande wa pili wa meza yake tangu 1989. Februari iliyopita alikuja Bwana Njoroge kutoka Woolwich, shemasi wa kanisa langu na mtu aliyenipokea nilipofika nchi hii. Alimtafutia bintiye Wambui bunduki ambayo niliona dhahiri haimfai. Bwana Alnashir, ambaye mikono yake siku hizi inatetemeka, alikuwa ameniachia upimaji. Alikuwa akipiga msasa, mgongo ametugeuzia. Nikasema. Bwana Njoroge akanikumbusha nani alinilaza kwake nilipokuwa sina pa kulala. Nikasema tena. Mara ya tatu nilimwambia, "Shemasi, hii siuzi." Aliondoka na binti yake bila kuaga, na Jumapili iliyofuata hakunisalimu mlangoni.

Niliirudisha bunduki ukutani. Bwana Alnashir hakunisifu. Alipuliza vumbi la mbao, akasema, "Atakununia sana. Mimi ningetoa chochote ninuniwe hivyo."

Margaret ananiomba niwashukuru kwa niaba ya duka wote waliofika. Karakana itabaki na mtu mmoja, na vitako vya kiwandani vinazidi kuingia, hivyo sitadanganya kwamba nafasi yake itajazwa. Mwanawe Shiraz amemtaka ahamie Kanada. Amekataa, asema kaburi la Bi Nurbanu liko hapa.

Mzee Alnashir, asante kwa kila bega ulilolipima, na asante zaidi kwa kutokubali tufiche lile moja. Mungu akujaalie afya, mikono itulie, na asubuhi zako zisiwe ndefu mno. Nyumbani kwangu Kiswahili kinazungumzwa kila Jumamosi, na chai ipo. Usikae peke yako kujilaumu. Njoo.

Titus Mwakio,
Karakana ya Pelling