Marehemu wa Ganda

Tuktuk ilipotoka Malindi kwenda Ganda, nilikuwa nimekaa nyuma na Bi Naznin, anayewafunza waandishi wapya wa ensaiklopidia ya mtandaoni, na mwanafunzi wake Chengo. Chengo alikuwa ameandika makala kuhusu nyanya yake, mwimbaji maarufu wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama.

"Umeandika yu hai," alisema Naznin. "Gazeti linasema alifariki mwaka juzi."

"Gazeti lilikosea, mwalimu. Leo asubuhi nimemkorogea uji."

"Huo ni utafiti wako mwenyewe, haukubaliki. Tena wewe ni mjukuu, lazima utamtetea." Chengo akauliza, "Nimtetee asife?" Naznin akamjibu kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi: "Niletee chanzo huru, kilichochapishwa."

Mbele, ubavuni mwa dereva, mama mzee mwenye leso aligeuka. "Nyanya yake ni mimi."

Nikadhani yamekwisha. Naznin aliinama kwa adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Na hilo limeandikwa wapi?"

Tuktuk ikasimama Ganda. Bibi alishuka taratibu, akajifunga leso vizuri, akamwambia dereva kwamba marehemu halipi nauli.

Dereva akamgeukia Bi Naznin.