Niliyesomea Kupanga Viti

Ndugu zangu, chamgei. Msiitikie kwa nguvu sana, koo langu ni baya tangu asubuhi, na nikianza kulia mapema sitafika mwisho. Kaeni mlipo. Najua wengine mmeshangaa mlipoingia mkakuta nimeshapanga viti, halafu nikamshika kila mtu mkono kumwonyesha pa kukaa kama tuko harusini. Mmenizoea, mimi ni mtu wa viti. Mchungaji amenipa dakika ishirini nishuhudie, na ushuhuda wangu wote ni mambo ya viti.

Kitu kimoja kabla sijaanza. Sitataja jina la mtu. Wengine mtamjua, hasa nyinyi mliofundisha upande wa Sotik miaka ile. Tafadhali msigeuze shingo.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na drama katika shule moja ya wasichana. Drama ilikuwa roho yangu. Tulikuwa tukitoka na lori la mzazi mmoja aliyefanya biashara ya ng'ombe, wasichana wamejifunga shuka kwa baridi, wanaimba mpaka kwenye mashindano, na jioni tunarudi na kikombe. Mwaka mmoja tulileta kikombe cha mkoa, kikubwa, cha masikio mawili. Siku hiyo jaji mmoja wa mashindano aliniita kando. Akasema mchezo wetu ni mzuri, lakini kilichomvutia ni kwamba nilikuwa na wasichana arobaini na hakuna hata mmoja aliyechelewa kuingia jukwaani, wala vazi lililopotea. Akaniambia kuna watu wanaosomea kazi hiyo, kuendesha kumbi za michezo na kusimamia mambo ya sanaa, mpaka digrii ya pili. Nilidhani ananitania. Akaandika anwani ya chuo kimoja cha Uingereza nyuma ya programu, akanipa.

Nikaandika barua. Na hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa letu sisi sote wa huku. Nani kati yetu wakati ule alikuwa na sanduku lake la posta? Tulitumia la shule, la kanisa, au la kiwanda cha majani. Mimi nikaweka la shule. Na barua za shule zilikuwa zikipita mikononi mwa mtu mmoja tu, hedmasta. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa koti lake.

Kila Ijumaa nilisimama mlangoni pa ofisi yake nikauliza kama kuna barua yangu.

"Bado, Madam," alinijibu. "Hao wazungu ni watu wa polepole."

Halafu saa ya chai, mbele ya walimu wote, anaanza kunikejeli. Madam anataka kuvuka bahari akasomee kupanga viti. Kwani hapa kwetu viti vimetushinda? Walimu wanacheka mpaka chai inamwagika. Mimi pia nilicheka, maana mkubwa wako akicheka utafanya nini? Mwaka ukaisha hivyo. Nikajiambia hawakunitaka, mtoto wa mchuna chai wa Kiptere nilikuwa najidanganya na nini.

Basi, mwaka uliofuata, siku ya wazazi ilipokaribia, hedmasta alinituma nitoe vikombe kwenye kabati lake la vioo nivipake dawa ving'ae. Nikaanza na kile kikubwa cha mkoa. Nikaingiza mkono ndani na kitambaa, nikagusa karatasi. Nikatoa bahasha yenye stempu ya malkia, jina langu juu, imekatwa vizuri kwa kisu. Walikuwa wamenipa nafasi na ufadhili wa kila kitu, mradi nijibu kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Mwezi wa sita huo ulikuwa umepita miezi minane.

Nawaambia ukweli, sikupiga kelele. Niliingia ofisini kwake na barua mkononi. Alinitazama, hakuona hata aibu.

"Ungeenda, nani angetuletea kikombe?" akasema.

Hayo tu. Akarudi kwenye karatasi zake. Nilifunga virago wiki ile ile, nikarudi kwa mama Kiptere, na nikaanza kuchuna chai na digrii yangu ya kwanza kifuani. Ndugu zangu, mnaojua kuchuna mnajua mkono unavyofanya kazi wenyewe. Kila nilipovunja majani mawili na chipukizi, nilikuwa navunja shingo ya mtu. Nilifika kilo nyingi kuliko wanawake wote wa senta yetu ya kupimia majani, na mama akadhani Mungu amenibariki. Kanisani sikuja, mnakumbuka. Nyumbani nilikuwa nasoma zile zaburi za kuwalaani maadui, zingine niliziruka. Nilikonda mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni. Nilimwombea ugonjwa wa mguu, sijui kwa nini mguu. Mchungaji, usinitazame hivyo. Najua kisasi ni cha Bwana, lakini niliona Bwana anachelewa.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja Mkisii, mpishi wa chekechea kwenye estate jirani ya chai, ambaye pia ndiye aliyeendesha ngoma na michezo ya Jumamosi katika ukumbi wa wafanyakazi. Alinikuta senta ya majani nikigombana na karani bila sababu. Akanivuta pembeni, akaniambia hasira niliyo nayo ni kuni nyingi sana na mimi naziacha zinyeshewe. Nikamweleza kwamba hedmasta alinificha barua. Hakunionea huruma hata kidogo. Aliniuliza kama bado nina ile anwani.

"Basi kodi sanduku lako," akasema. "Ufunguo uwe wako."

Bonasi ya chai ilipotoka nilienda posta ya Kericho nikakodi sanduku, nikautundika ufunguo shingoni kwa uzi. Niliandika upya. Wakajibu kwamba ule ufadhili ulienda kwa mtu mwingine, niombe tena. Nikaomba tena, wakaninyima. Nikaomba mara ya tatu, wakanipa. Siku ile nilikaa kwenye ngazi za posta nikala mkate mzima peke yangu, mkavu, bila kujua nakula.

Nilikaa Uingereza karibu miaka miwili. Watu hufikiri nilikuwa naigiza huko. Sikukanyaga jukwaa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchana tiketi mlangoni. Nilijifunza namna ya kujaza ukumbi na namna ya kuwatoa watu haraka moto ukitokea, nani anakaa wapi, mwanga wa taa unaanguka wapi, mtu akitaka kutoka katikati ya mchezo atapita kwa nani. Mwalimu wetu alisema mtu wa viti ndiye anayeamua nani ataona na nani ataonekana. Darasa likaandika. Mimi sikuandika, nilikuwa nimeshamwona mtu wangu amekaa. Wenzangu walirudi makwao na mipango ya kumbi kubwa. Mimi nilirudi Kericho na mpango wa kiti kimoja.

Yule mama alinipisha katika ukumbi wa estate, tukaufanya kuwa ukumbi wa kweli, na mapazia. Watu walitoka mpaka Londiani kuja kutazama. Na lile sanduku langu likawa la wasichana wote wa Kiptere. Kila aliyemaliza shule akitaka kuomba chuo, aliniomba aandike anwani yangu, kwa sababu kwa Madam barua hazipotei. Nilijivuna sana kwa hilo.

Halafu nikaandika mchezo. Msichana anangoja barua, mkubwa wake anaificha kwenye droo. Nikapata kibali, nikatangaza, na nikamwalika yule mzee awe mgeni wa heshima. Alikuwa amestaafu, na mnajua mwalimu aliyestaafu akialikwa kwa barua yenye muhuri anavyofurahi. Nilimwekea sofa mstari wa mbele, katikati kabisa, yenye kitambaa cha kufumwa, na meza ya soda. Kulia kwake mchungaji, kushoto kwake chifu, nyuma yake walimu wote waliokuwa wakicheka saa ya chai. Hakuna upenyo. Taa moja niliigeuza kidogo ili mwanga wake umwangukie usoni. Na mwisho wa mchezo, kama desturi yetu ilivyo, mgeni wa heshima lazima asimame ahutubie. Siku ile nilipomaliza kuchora ramani ya viti nilicheka peke yangu, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka kweli. Ile ya kwanza niliangushwa.

Jumatano ya wiki ya mchezo nilifungua sanduku nikakuta barua ya chuo cha wauguzi, na jina la msichana mmoja. Alikuwa binti wa yule mzee. Baba alipostaafu alihamia upande wetu, sanduku la shule likabaki shuleni, na mtoto akaandika langu kama wenzake. Nikaipeleka ukumbini, nikaiweka kwenye droo ya tiketi, nikaifunga. Nilijiambia naiweka tu. Alhamisi sikuigusa. Ijumaa msichana akaja, amevaa viatu vya mama yake, akasimama mlangoni kwangu.

"Madam, hakuna barua yangu?"

"Bado," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile. Msichana akashukuru, akaenda. Yule mama alikuwa anafagia jukwaa, na alikuwa ameniona Jumatano nikiiweka ile bahasha. Hakusimamisha ufagio.

"Sasa mko wawili," akasema.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaingia mpaka shingoni. Nilimwogopa yule mzee kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilimwona yuko ndani yangu na amekaa vizuri. Niliitoa ile barua nikakimbia, mimi na umri wangu, katikati ya mashamba ya chai, nikampata msichana karibu na daraja. Nikampa. Nikamwambia ilifika Jumatano na nimemdanganya. Alikuwa amebakiwa na siku tano tu za kuripoti chuoni. Aliniuliza kwa nini nimefanya hivyo, nikamwambia amuulize baba yake.

Mnadhani baada ya hapo nilibadilisha viti? Ndugu zangu, siwezi kudanganya mara mbili. Sikubadilisha hata kimoja. Taa pia niliiacha.

Jumamosi alasiri alikuja na suti ya kahawia, nikamkalisha mwenyewe. Tukafungua mapazia. Yule msichana wa kwenye mchezo aliposimama mlangoni mara ya kwanza akauliza barua, na mkubwa wake akasema bado, watu walicheka. Mara ya pili wakacheka kidogo. Mara ya tatu walimu wa nyuma walikuwa wamenyamaza kabisa, na mimi nilikuwa kando ya pazia nikimtazama mtu mmoja tu. Alijaribu kuinuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaketi. Jasho lilikuwa linang'aa kwenye ile taa. Nilifurahi. Nimeahidi kusema ukweli, basi nasema: nilifurahi sana.

Mchezo ukaisha. Chifu akamkaribisha mgeni wa heshima. Akasimama na ile karatasi ya hotuba aliyokuja nayo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Haikuwa kwenye droo," akasema. "Niliiweka ndani ya kikombe."

Akaketi.

Habari ya kikombe sikuwa nimemwambia mtu. Mama yangu hakuijua, hata yule mpishi nilimwambia tu kwamba barua ilifichwa. Walimu hawakuelewa anasema nini. Tulioelewa tulikuwa wawili, na miaka yote ile nilikuwa nimengoja niyasikie maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na yalipotoka sikuwa na la kufanya nayo. Nilienda nikaigeuza ile taa.

Namshukuru mama yangu, aliyenilisha bila kuniuliza maswali. Namshukuru yule mpishi, ambaye yuko pale nyuma na anajifanya anatafuta leso. Namshukuru msichana mmoja aliye muuguzi leo, ambaye hajawahi kunikumbusha ile Ijumaa, ingawa angeweza. Na somo langu ni dogo. Nyinyi wasichana, kabla ya kununua viatu kodi sanduku lako la posta, na ufunguo ushike mwenyewe. Na ukipewa ufunguo wa wenzako, ogopa. Hilo la pili lilinigharimu zaidi.

Mtaniuliza kama nimesamehe. Siku zingine ndiyo. Siku zingine bado namwombea ule mguu.

Lakini nilisema viti vya leo nimevipanga mimi. Nilipojua nitashuhudia, nilimwalika mtu mmoja, nikamwambia mapema nitasema nini. Safari hii sikumweka katikati. Amekuja, nikamkalisha kiti cha mwisho kando ya mlango, hakuna mtu mbele yake wala ubavuni, na mlango nikauacha bila komeo ili akitaka kutoka asimsumbue mtu. Nimekuwa nikiutazama ule mlango tangu nianze kusema. Haujafunguka.