Shangazi Aliyewauliza Wanajiitaje

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mhariri Mkuu wa Idara yetu ya Lugha na Uchapaji anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Hicho ndicho cheo chake kwenye karatasi. Sisi tuliokaa naye chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofungika sawasawa, tunamwita Shangazi, kwa sababu ndivyo alivyotulea: anatukaripia asubuhi, saa nne anatumiminia chai.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Akapanda kuwa msahihishaji, kisha mhariri, hadi akakabidhiwa dawati la istilahi, yaani mahali panapoamuliwa serikali itumie neno gani kwenye sheria, fomu na vitabu vya shule. Alikuwa na mazoea ya kusimama katikati ya chumba na kusoma rasimu kwa sauti, akisema kwamba sentensi mbovu ikisikika huona haya. Kalamu yake haikumwonea mtu aibu. Kadi za harusi ya binti yake mwenyewe alizirudisha kwa mchapaji kwa ajili ya herufi moja, na mumewe, fundi bomba mpole asiyeisha utani, husimulia kwamba bwana harusi alianza kuhofia kwamba hata yeye atarudishwa.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ilianzia kwenye rasimu ya sheria ya ardhi. Nchini mwetu zipo jamii zilizoishi katika misitu na nyanda hizi kabla sisi wengine hatujafika. Kwa muda mrefu nyaraka za serikali ziliwaita majina ya kila namna, mengine yakiwa matusi tuliyokwisha kuyazoea. Rasimu ile ilijitahidi kuwa na adabu. Iliwaita "wakazi wa msituni" na kuwapa haki ya kudai ardhi yao, na wengi wetu tuliona neno limetulia. Shangazi akampigia simu mwanasheria aliyeiandika. Alitaka kujua kama waliohamishwa msituni zamani, ambao sasa wanaishi kando ya barabara kuu, nao ni wakazi wa msituni. Mwanasheria akajibu kwamba kwa maana ya sheria, hapana.

Shangazi akakataa kutia sahihi.

"Mama, kazi yetu ni nukta na mkato," mkurugenzi wa wakati huo alimwambia mbele yetu. "Habari za ardhi tuwaachie wenyewe."

"Ndiyo, bosi. Hao wenyewe ndio ninaotaka kwenda kuwauliza."

Akaenda. Alipewa ukumbi wa shule, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokoroma, na mimi nilifuatana naye kuandika yatakayosemwa. Alikuwa amejiandalia maneno matatu ubaoni ili watu wachague. La kwanza lilikuwa "jamii asilia". Muuguzi mmoja wa zahanati, mwenyeji wa jamii hizo, akanyanyua mkono.

"Mama, samahani. Asilia si ndiyo ile inayoandikwa kwenye chupa za mafuta ya nywele?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Shangazi akacheka kuliko wote huku akilifuta. La pili, "watu wetu wa asili", lilimwinua fundi baiskeli mmoja aliyekuwa amekaa nyuma. Hakupandisha sauti. Alisema wazazi wake walitolewa msituni na watu waliokuwa wakiwaita hivyohivyo, watu wetu. Angependa kujua wao ni wa nani. Shangazi akalifuta na hilo. La tatu, "watu wa kwanza", liliwagawa wao kwa wao: wengine walilipenda, mama mmoja akauliza kwanza wa wapi, kwani palikuwa na mbio?

Nalo likafutwa, ubao ukabaki mtupu. Shangazi alikaa chini, na nilivyomjua, nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa anafikiri. Alipoinuka aliuliza swali ambalo ofisini kwetu halikuwahi kuulizwa: ninyi mnajiitaje? Wakamtajia, kila jamii jina lake. Muuguzi alimsahihisha matamshi, akamrudisha tena, na tena, na yule mwanamke aliyetutia jasho sisi sote kwa miaka akatii kama mwanafunzi.

Kesho yake jioni walikubaliana. Ikitajwa jamii moja, iandikwe kwa jina inalojiita, kwa tahajia yake. Zikitajwa zote kwa pamoja, "jamii za asili", bila "wetu" na bila kufungwa na mahali mtu anapolala leo.

Makubaliano hayo yalimgharimu. Rasimu ilichelewa, lawama zikatafuta mtu, na Shangazi akahamishiwa stoo ya vifaa. Kwa karibu miaka miwili mhariri bora wa idara alihesabu marundo ya bahasha. Hakulalamika mbele yetu, ingawa mumewe alituambia kwamba nyumbani alikuwa haongei sana. Rasimu ilipofika mbele ya kamati ya bunge, ikiwa bado na "wakazi wa msituni", muuguzi alikwenda kutoa maoni na kuwaeleza wabunge nini kitawapata ndugu zake wa kando ya barabara neno hilo likibaki. Neno likabadilishwa. Fundi baiskeli sasa ana shauri la ardhi linalosikilizwa mahakamani, jambo ambalo kwa rasimu ya kwanza lingeishia mlangoni. Bado halijaamuliwa, na Shangazi hapendi tulisimulie kana kwamba limekwisha.

Aliporudishwa kwenye dawati lake aliandaa mwongozo wa istilahi tunaoutumia hadi leo, kisha akageukia vitabu vya shule. Katika kimoja, sura nzima ya jamii hizo iliandikwa kwa wakati uliopita: waliishi, walikuwa wakirina asali, walikuwa na lugha yao. Pembeni aliandika maneno mawili tu: "Walikufa lini?" Mwandishi wa kitabu alikuja kuomba radhi mwenyewe.

Mwezi uliopita muuguzi alipiga simu. Vijana wa jamii zao wamekutana, na wanaona "jamii za asili" limechakaa, wanatafuta lingine. Tuliogopa kumwambia Shangazi wakati anafungasha vitu vyake. Aliposikia, aliweka chini kikombe alichokuwa anakifunga kwenye gazeti.

"Wamefikia wapi?" akauliza. "Waambieni wasiharakishe. Na wasikubali mtu wa ofisini awachagulie, hata akiwa mimi."

Shangazi, tunakushukuru kwa karipio na kwa chai, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuandika. Nenda kapumzike na fundi wako, maisha yawe mema kwenu na afya isiwapungukie. Wale vijana wakishakubaliana, tutakupigia simu tukuambie wanaitwaje.